Mwongozo kamili: Jinsi ya kuifuatilia chengyu ya Kichina hadi kwenye shairi lake bila kupotosha maana

Kosa ni lilelile kila mara. Mwanafunzi wa Kichina anakutana na chengyu, yaani nahau ya herufi nne. Anaambiwa imetoka kwenye shairi la enzi ya Tang, analitafuta shairi, analitafsiri vizuri tu, kisha anaitumia nahau kwa maana ya shairi. Mchina anayemsikiliza anabaki kumwangalia. Mwingine anafanya kinyume chake: anaijua maana ya leo, anairudisha ndani ya shairi, na mshairi aliyekuwa akishangilia anageuzwa kuwa mzembe.

Hapa tutatumia chengyu moja toka mwanzo hadi mwisho: 走马观花, zǒu mǎ guān huā. Herufi kwa herufi ni "kukimbiza farasi, kutazama maua". Nimeichagua kwa sababu ina karibu kila mtego mtakaokutana nao kwingine.

## Vifaa unavyohitaji

Usianze kabla hujavikusanya. Nusu ya makosa hutokana na kufanya kazi yote kwa kamusi moja ya simu.

- Kibodi ya Kichina kwenye simu au kompyuta, yenye njia mbili: kuandika kwa pinyin (matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini) na kuchora herufi kwa kidole. Ya pili itakuokoa pale usipojua herufi inavyosomwa.
- Kamusi ya Kichina cha leo. Pleco inatosha kwa kuanzia. Ukiweza kusoma maelezo ya Kichina kwa Kichina, tafuta Xiandai Hanyu Cidian, kamusi inayotegemewa mashuleni China bara.
- Kamusi ya chengyu inayotaja chanzo. Ile ya Wizara ya Elimu ya Taiwan, Chengyu Dian, inapatikana bure mtandaoni. Imeandikwa kwa herufi za jadi.
- Kamusi ya maana za kale za herufi mojamoja. Tovuti ya Zdic (Handian) hukupa maana za zamani pamoja na mifano yake.
- Hazina ya matini kamili: Chinese Text Project, au Wikisource ya Kichina. Humo utaupata mkusanyo wa Quan Tang Shi, ulioagizwa na mfalme Kangxi mwaka 1705, wenye mashairi zaidi ya 48,000 katika juan (sehemu za kitabu) 900.
- Daftari, au kadi ngumu za karatasi. Kadi moja kwa chengyu moja.

Kamusi za Kichina na Kiswahili weka pembeni kwanza. Utazihitaji hatua ya saba, si kabla.

## Hatua ya 1: Andika herufi nne katika sura zake zote

Juu ya kadi andika 走马观花. Chini yake andika umbo la jadi: 走馬觀花. Kisha tafuta kama kuna toleo jingine. Hapa lipo: 走马看花, zǒu mǎ kàn huā, ambalo guān imepisha kàn. Zote mbili ni "kutazama". China bara utasikia zaidi ya kwanza, na vitabu vingi vya zamani vina ya pili.

Kwa nini: hazina za matini hutafuta unachoandika, si unachokusudia. Mtu anayejua sura moja tu ataambiwa hakuna kitu, naye ataamini.

Matamshi: zǒu na mǎ zote zina toni ya tatu. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hupanda na kuwa ya pili, kwa hiyo mdomoni inatoka zóu mǎ. Kwenye kadi acha alama za kamusi, ila jizoeze kuisema kama inavyosemwa.

Umefaulu ikiwa: una mistari mitatu ya herufi, pinyin yenye toni, na unaweza kuandika toleo lolote kati yao bila kunakili.

## Hatua ya 2: Tafuta maana ya leo kabla hujaligusa shairi

Najua shairi ndilo linalovutia. Subiri.

Fungua kamusi ya Kichina cha leo. Utakuta kwamba 走马观花 ni kutazama jambo juujuu, kwa kupita, bila kuingia ndani. Mtalii aliyezunguka miji mitano kwa siku tatu. Mkaguzi aliyefika kiwandani, akapiga picha, akaondoka. Mwanafunzi aliyefunua kurasa usiku wa kuamkia mtihani.

Maana peke yake haitoshi. Andika pia *nani anaweza kumwambia nani*. Ukijisemea mwenyewe ni unyenyekevu, na unapendeza:

我只是走马观花地看了看。
Wǒ zhǐshì zǒu mǎ guān huā de kànle kàn.
Nimeangalia juujuu tu.

Ukimwambia mwalimu wako kwamba alisahihisha insha yako kwa kukimbiza farasi, umemlaumu waziwazi.

Kwa nini hatua hii inatangulia: ukianza na shairi, hisia zake zitakushika na utaisoma kamusi ukitafuta uthibitisho wake. Ukianza na maana ya leo, unafika kwenye shairi ukiwa na swali: imekuwaje maneno haya yakamaanisha hivi?

Tahadhari: usikubali tafsiri ya neno moja. Kamusi ndogo ikikuambia "haraka", haijakuambia kitu. Mtu anaweza kufanya jambo haraka na kulifanya kwa kina. Kinacholengwa hapa ni uchache wa kuona.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja hali moja ambayo nahau hii inafaa na moja ambayo ingemkera mtu.

## Hatua ya 3: Pata mshororo wenyewe, si jina la mshairi tu

Sasa fungua kamusi ya chengyu uangalie sehemu ya chanzo. Maneno ya kutafuta ni 语出 au 出自, "imetoka", na 语本, "imejengwa juu ya". Utaelekezwa kwa Meng Jiao (751–814), shairi lake 登科后, Dēng kē hòu, "Baada ya kufaulu mtihani".

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanafungua mashairi ya Meng Jiao, wanaandika 走马看花, wanaambiwa hakuna. Wanahitimisha kwamba kamusi imekosea.

Haijakosea. Hizo herufi nne hazimo katika shairi hilo kwa mfuatano huo. Zou haimo kabisa, na guān haimo. Chengyu za mashairi huzaliwa kwa njia mbili. Nyingine hukatwa nzimanzima kutoka kwenye mshororo. Nyingine hukamuliwa: watu wa baadaye wanachukua picha ya mishororo miwili na kuibana ndani ya herufi nne. Yetu ni ya aina ya pili. Na ajabu ni kwamba shairi hilohilo limezaa pia ya aina ya kwanza, 春风得意, chūn fēng dé yì, iliyokatwa kama ilivyo.

Kwa hiyo nakili mshororo ambao kamusi inautaja, kisha utafute huo:

昔日龌龊不足夸,今朝放荡思无涯。
春风得意马蹄疾,一日看尽长安花。

Xī rì wò chuò bù zú kuā, jīn zhāo fàng dàng sī wú yá.
Chūn fēng dé yì mǎ tí jí, yī rì kàn jìn Cháng'ān huā.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye ushairi wetu, umbo hili halitishi. Ni ubeti mmoja wa mishororo minne. Kila herufi ni silabi moja, basi kila mshororo una mizani saba, na unakatika baada ya mizani ya nne: ukwapi wa nne, utao wa tatu. Vina viko mwisho wa mshororo wa kwanza, wa pili na wa nne: kuā, yá, huā. Usome kwa sauti mara kadhaa ukizingatia mkato. Ukisoma 春风得意 ukapumua, ndipo ukasema 马蹄疾, utasikia mwenyewe kwa nini herufi nne za mwanzo zilidondoka zikawa nahau: zilikuwa tayari kipande kamili.

Tahadhari kubwa: mtandaoni utakutana na hadithi ya kijana kiwete na msichana mwenye kasoro ya pua. Mshenga mjanja anampandisha kijana juu ya farasi na kumsimamisha msichana mlangoni akiwa na ua puani. Wanatazamana, wanapendana, na aibu inajulikana siku ya harusi. Ni kisa kitamu, na wengine hukisimulia kama asili ya nahau hii. Kikihitaji kuaminiwa, kionyeshe kitabu na enzi yake. Kanuni ni nyepesi: asili isiyo na matini unayoweza kuifungua ukaisoma ni ngano, iandike kwenye kadi chini ya neno "ngano".

Umefaulu ikiwa: umeliona shairi zima kwenye hazina ya matini, si kwenye ukurasa wa maelezo, na unajua nahau yako ilikatwa au ilikamuliwa.

## Hatua ya 4: Soma shairi zima kwa maana za wakati ule

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Herufi za Kichina hazibadiliki sura kirahisi, na hilo ndilo linalodanganya: unaona herufi uliyoisoma jana kwenye kitabu cha darasani, unadhani maana ni ileile. Ishirini na nane tu zimo humu, na angalau sita zitakuangusha ukizisoma kwa Kichina cha leo.

龌龊 (wò chuò). Leo ni uchafu, hasa wa tabia: mtu mwovu, mwenye mambo ya aibu. Kwa Meng Jiao ni maisha yaliyobanwa, dhiki, kukosa nafasi ya kujinyoosha. Hakuwa anakiri uovu.

放荡 (fàng dàng). Ukimwita mtu hivyo leo umemwita mhuni, asherati. Katika shairi ni kufunguka, kutozuiliwa na chochote.

得意 (dé yì). Leo mara nyingi ina harufu ya majivuno. Zamani: kupata ulichokitaka.

疾 (jí). Mwanafunzi anaijua kutoka 疾病, "ugonjwa". Nimewahi kusoma tafsiri yenye kwato zinazougua. Hapa ni "kasi".

朝. Kwenye 今朝 inasomwa zhāo, asubuhi au siku, si cháo ya "enzi".

春 (chūn). Kosa hili ni letu, si la Wachina. Usitafsiri kuwa masika. Masika yetu ni mvua na matope. Chun ni majira ya machipuko, baridi inapoondoka na miti kuchanua.

Na 走 yenyewe, ingawa haimo katika shairi, ndiyo herufi ya kwanza ya nahau. Leo ni "kutembea". Katika Kichina cha kale ni "kukimbia". Ushahidi upo hata kwenye kisa maarufu cha Han Feizi, kitabu cha kale cha Kichina, kuhusu mkulima aliyekaa kando ya kisiki akingoja sungura: 兔走触株, sungura alikuwa *mbioni* akajigonga kisikini akavunjika shingo. Sungura anayetembea havunjiki shingo. Kijapani bado kinaitumia herufi hii kwa kukimbia. Basi 走马 ni kumpiga farasi mbio, na anayeeleza kwamba ni "farasi anayetembea polepole kati ya maua" amegeuza nahau kichwa chini: kwa mwendo wa polepole maua yangeonekana vizuri.

Sasa andika tafsiri yako mwenyewe. Hii ni yangu, ya kukusaidia kulinganisha:

*Dhiki za jana hazina haja ya kutajwa;*
*leo nimefunguka, fikra hazina ukingo.*
*Upepo wa machipuko, moyo umeridhika, kwato zaenda kasi;*
*kwa siku moja nimeyatazama yakaisha maua ya Chang'an.*

Tazama 尽 (jìn) katika mshororo wa mwisho. 看尽 ni kutazama hadi kumaliza, kusibaki hata moja. Mshairi anasema ameyaona *yote*. Nahau inasema hujaona *lolote* sawasawa. Mtu asiyeigundua herufi hiyo moja hataelewa kilichotokea kati ya mwaka ule na leo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja mshairi anahisi nini, na huitumii nahau ya leo kuisema. Kwa shairi hili: furaha iliyopitiliza ya mtu aliyengoja mno.

## Hatua ya 5: Lipe shairi mwaka na mahali

Fanya kwa kiasi. Unatafuta mambo yanayobadilisha usomaji wa shairi, si wasifu.

Mwaka ni 796. Mahali ni Chang'an, mji mkuu wa Tang, leo Xi'an katika jimbo la Shaanxi. Mtihani ni wa jinshi, wa kuingia utumishi wa serikali, mgumu kuliko yote, ambao waliofaulu kwa mwaka kwa kawaida walikuwa watu ishirini, thelathini hivi. Kulikuwa na msemo: kwa mtihani mwepesi zaidi wa mingjing ukiwa na miaka thelathini umezeeka, kwa jinshi ukiwa na hamsini bado kijana. Meng Jiao alikuwa na miaka 46 kwa hesabu ya Kichina.

Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Ukitaka kuielewa kasi ya farasi wake, soma shairi alilotunga baada ya kuanguka mara ya pili, 再下第. Usiku mmoja anaamka mara tisa akihema kwa huzuni. Ndoto ni fupi, haifiki nyumbani. Kisha anafunga hivi: 两度长安陌,空将泪见花. Mara mbili kwenye barabara za Chang'an, na maua ameyaona kwa machozi, bure.

Maua ni yaleyale, ya mji uleule. Mara ya tatu anayapita mbio kwa sababu hatimaye anaweza kuyatazama. Hakuna kamusi itakayokupa hilo kwenye maelezo ya nahau, na bila hilo shairi linabaki kuwa majigambo ya mtu aliyepata cheti.

Kuna na desturi. Waliofaulu walifanyiwa karamu katika bustani karibu na maji ya Qujiang, na wawili kati yao, vijana, walitumwa kuzunguka bustani za mji kwa farasi wakatafute maua mazuri kuliko yote. Waliitwa 探花, "watafuta maua". Shairi halisemi kwamba Meng Jiao alitumwa, na kwa umri wake angeachwa akae. Lakini msomaji wa wakati ule aliposoma farasi, maua na Chang'an pamoja, alijua ni msimu gani na ni nani wanaopita.

Tahadhari: usichanganye furaha ya shairi na maisha yaliyofuata. Miaka michache baadaye alipewa cheo kidogo cha wilaya huko Liyang. Historia rasmi ya Tang inasimulia kwamba alizama kwenye mashairi, kazi za ofisi zikalala, mkuu wake akaweka mtu wa kumkaimu, na nusu ya mshahara ikaenda kwa huyo. Inafurahisha kuijua. Haiingii kwenye kadi.

Umefaulu ikiwa: una mwaka, mji na jambo moja tu linalofanya mshororo usomeke tofauti.

## Hatua ya 6: Tafuta mashahidi wa katikati

Kati ya 796 na simu yako kuna zaidi ya miaka 1,200. Maana haikuruka. Kamusi nzuri za chengyu zina sehemu ya mifano ya maandishi, 书证. Chukua mifano miwili au mitatu ya enzi tofauti, na kila mmoja uulize swali moja: mwandishi anasifu au anashutumu?

Baadhi ya kamusi bado zinaitaja maana ya furaha kando ya maana ya kupita juujuu. Hiyo ni alama ya safari, usiidharau.

Shahidi ninayempenda ni Wu Qiao, mhakiki wa karne ya 17, mwanzoni mwa enzi ya Qing. Katika maongezi yake juu ya ushairi anasema mashairi ya Tang yana hisia za kina na maneno ya upole, na mengine unaweza kuyarudia muda mrefu bila kufikia yanacholenga. Ukiyasoma kwa kukimbiza farasi na kutazama maua, anasema, ni sawa na kutosoma. Hapo nahau imeshageuka kabisa. Na imegeuzwa dhidi ya wasomaji wa mashairi yaleyale yaliyoizaa.

Shahidi wa pili ni Mao Zedong, katika hotuba ya Machi 1957 kuhusu kazi ya uenezi. Aliwahimiza wasomi waende viwandani na vijijini, akapanga ngazi tatu. Kwenda kuzunguka na kutazama ni 走马看花, na bado ni bora kuliko kutokwenda. Kukaa miezi kadhaa, kuchunguza na kufanya urafiki, ni 下马看花, xià mǎ kàn huā, "kushuka farasini kutazama maua". Kuishi huko miaka ni 安家落户, kuhamia kabisa. Ona kwamba hapa nahau si tusi. Ni kipimo cha chini. Ndiyo maana Mchina anaweza kuitumia kwa ziara yake mwenyewe bila kujidhalilisha.

Kwa nini hatua hii: bila mashahidi, utalazimika kubuni sababu ya maana kubadilika, na ubunifu huo utausambaza kama ukweli. Ukiwa nao, unaonyesha tu mabadiliko yalipo.

Umefaulu ikiwa: kadi yako ina angalau mfano mmoja wa kati wenye enzi na mwelekeo wake, sifa au lawama.

## Hatua ya 7: Leta Kiswahili, polepole

Sasa ndiyo saa ya kutafuta wenzao wa Kiswahili. Vishawishi ni vingi, na methali zetu ziko tayari kudandia.

"Haraka haraka haina baraka" ndiyo inayoletwa na karibu kila mtu. Haifai. Methali hiyo inaonya kwamba pupa itakuponza. Nahau ya Kichina haisemi kitu kitaharibika. Mtalii wa miji mitano anarudi salama na picha zake. Inasema tu kwamba alichokiona ni kidogo. "Kutazama juujuu", "kupitia juujuu", "kutupia jicho" vinakaa vizuri zaidi, na ukipata sentensi inayokubali maneno hayo bila kugoma, umefika.

Kwa pacha wake, 春风得意, jaribu "mambo yamemnyookea" au, ukitaka kuonyesha na mwendo wa mtu, "anatembea kifua mbele". Uamuzi unategemea msemaji anampenda huyo aliyefanikiwa au anamwonea kijicho.

Umefaulu ikiwa: msomaji asiyejua Kichina anaisoma sentensi yako ya Kiswahili bila kuhisi kuna nahau ya kigeni iliyofichwa chini yake.

## Hatua ya 8: Itumie mbele ya mtu

Andika sentensi tatu. Angalia sarufi: chengyu hii haichukui yambwa. Huwezi kuandika 走马观花长安 ukimaanisha "nilitazama Chang'an juujuu". Itangulie kitenzi pamoja na 地 (de), kama kwenye mfano wa hatua ya pili, au uiweke mbele ya nomino kwa 式的 (shì de): 走马观花式的参观, ziara ya juujuu.

Kisha jipime mwenyewe. Ondoa nahau uweke 仔细 (zǐxì), "kwa makini". Sentensi ikigeuka kuwa kinyume cha ulichotaka kusema, nahau ilikuwa mahali pake. Ikibaki na maana ileile, rudi hatua ya pili.

Baada ya hapo mpe Mchina asome. Wanaosoma kwenye Taasisi za Confucius za Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi wana walimu karibu. Usimuulize "ni sahihi?", atakuambia ndiyo kwa adabu. Muulize: "Ungemwambia nani hivi?" Akijibu bila kufikiri, na jibu lake likafanana na ulichoandika kwenye kadi, kazi imekwisha.

## Kadi iliyokamilika inavyoonekana

走马观花 / 走馬看花. zǒu mǎ guān (kàn) huā.
Leo: kutazama juujuu, unyenyekevu kwa nafsi, lawama kwa mwingine.
Chanzo: Meng Jiao, 登科后, 796. Imekamuliwa, haikukatwa.
Shairi: furaha; 看尽, ameyaona yote.
Kati: Wu Qiao, karne ya 17, lawama. Mao, 1957, kipimo cha chini.
Kiswahili: kupitia juujuu. SI "haraka haraka".
Ngano: kiwete na msichana wa ua.

## Za kujaribu peke yako

寸草春晖 (cùn cǎo chūn huī). Ni ya Meng Jiao tena, shairi lake kuhusu mama anayemshonea nguo mwanawe anayesafiri. Imekamuliwa kutoka mishororo miwili ya mwisho. Mtego wako ni 三春: si machipuko matatu ya miaka mitatu, ni miezi mitatu ya msimu mmoja. Hii maana yake haijapinda sana, kwa hiyo hatua ya sita itakuwa fupi.

柳暗花明 (liǔ àn huā míng). Lu You wa enzi ya Song, mwaka 1167. Imekatwa nzima kutoka 山重水复疑无路,柳暗花明又一村. Leo hutumika matumaini yanapojitokeza baada ya kukata tamaa, na watu hupenda kutanguliza mshororo wa kwanza vibaya: 山穷水尽疑无路. Ukiutafuta kwa sura hiyo kwenye mashairi ya Lu You hutaupata. Mtego wa pili uko kwenye kichwa cha shairi, 游山西村. Usiende Shanxi. Ni kijiji kilicho magharibi ya mlima, huko kwao Lu You, Shanyin, leo Shaoxing katika jimbo la Zhejiang, na ukikiweka kaskazini basi hata mierebi na maji ya shairi lote vitakuwa mahali pasipo pake.